Dakika 45 za Jumamosi: Mbio fupi za F2 zinavyofungua mlango, na kwa nini kijana wa Mbinga bado yuko nje

Mei 18, 2024, Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa Imola, Italia, zilikuwa zimebaki kona chache mbio ziishe. Paul Aron wa Estonia alikuwa mbele. Nyuma yake alikuwa dogo wa Argentina, Franco Colapinto, wakati huo akiwa na miaka 20. Katika mzunguko wa mwisho kabisa, Colapinto akampita. Akashinda.

Haikuwa Formula 1. Ilikuwa mbio fupi ya Formula 2, ile ambayo mashabiki wengi wa langalanga huifungulia simu wakati wakisubiri wakubwa waingie uwanjani. Mshindi hupata pointi 10 tu.

Miezi mitatu na nusu baadaye, Septemba 1, Colapinto alikuwa Monza akiendesha gari la Williams kwenye Formula 1 yenyewe. Argentina haikuwa na dereva huko tangu 2001.

Swali ni hili: mbio ya dakika zisizozidi 45 inawezaje kubadilisha maisha ya mtu kiasi hicho? Na kwa nini mlango huo, ambao umefunguka kwa vijana wa Argentina, Barbados na Paraguay, bado haujafunguka kwa kijana wa Ukata, wa Songea, au hata wa Nairobi?

Kwa ufupi

- Mbio fupi ya F2 hupanga madereva 10 wa mwanzo kinyumenyume, hivyo timu ndogo nazo hupata nafasi ya kuonekana.
- Msimu mmoja wa F2 hutajwa kugharimu zaidi ya euro milioni 2, yaani zaidi ya Sh5 bilioni.
- Afrika Mashariki ina historia nzito kwenye rally, lakini haina uwanja hata mmoja wa daraja linalotakiwa na F2 au F1.

Mbio fupi ni kitu gani?

F2 ni ngazi ya mwisho kabla ya Formula 1. Chini yake kuna F3, kisha mashindano ya kanda, kisha F4, na chini kabisa kuna gokati, vile vigari vidogo ambavyo watoto wa Ulaya huanza kuendesha wakiwa na miaka sita au saba.

Magari ya F2 yana kiti kimoja na yote ni ya aina moja. Bodi inatoka Dallara, injini Mecachrome, matairi Pirelli. Injini ina nguvu farasi takribani 620. Kwa hiyo huwezi kusingizia kwamba mwenzako ana gari la maana kuliko lako. Kinachotofautisha ni timu inavyolirekebisha gari, hela ya kufanyia mazoezi, na mikono ya dereva.

Wikiendi moja ina mbio mbili. Jumapili kuna mbio kuu, ya kilomita 170, ambayo lazima dereva asimame kubadilisha matairi. Jumamosi kuna mbio fupi, ya kilomita 120 au dakika 45, kutegemea kipi kinatangulia. Hapa hakuna lazima ya kusimama. Unawasha, unakwenda, unamaliza.

Ili uelewe kilomita 120 ni kitu gani, chukua barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay. Ina kilomita 66. Kwenda na kurudi ni 132. Basi mbio fupi ya F2 ni pungufu kidogo ya safari ya kushuka kutoka Mbinga mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa na kupanda tena milima ya Umatengo. Ila madereva 22 wanaifanya kwa wakati mmoja, bega kwa bega, ndani ya dakika 45.

Utamu wenyewe uko kwenye mpangilio wa kuanza. Ijumaa madereva hushindana muda. Aliyeongoza ndiye anayeanza wa kwanza Jumapili. Lakini Jumamosi, wale 10 bora wanageuzwa kichwa chini miguu juu: wa 10 anaanza wa kwanza, wa kwanza anaanza wa 10. Kwenye F3 wanageuzwa 12.

Kwa nini wafanye hivyo? Kwanza, burudani. Mwenye kasi akianzia nyuma, lazima apite watu. Pili, timu ndogo inapata bahati ya kuongoza mbio mbele ya kamera, na dereva wake anaonekana kwa watu ambao pengine hawakuwa wanajua hata jina lake.

Wasaka vipaji wanaangalia nini?

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukishinda mbio fupi kwa sababu ulianza wa kwanza baada ya kushika nafasi ya 10 Ijumaa, hakuna bosi wa Formula 1 atakayekurupuka kukupigia simu. Wote wanajua gridi iligeuzwa.

Wanachoangalia ni namna ulivyopita. Ulipita wapi? Uligusana na mtu? Matairi yako yalifika mwisho yakiwa hai au yalikuwa yamekwisha? Ulipofanya kosa, ulipaniki au ulitulia?

Mfano mzuri ni Lewis Hamilton. Mwaka 2006 alikuwa kwenye GP2, mashindano yaliyokuwa na nafasi ambayo F2 inayo sasa. Kwenye mbio fupi ya Istanbul, Uturuki, gari lake lilizunguka mapema akajikuta mkiani. Akaanza kuwala mmoja mmoja hadi akamaliza wa pili. Hakushinda siku ile. Lakini mpaka leo ukiwauliza mashabiki wa zamani kuhusu Hamilton kabla ya Formula 1, wengi watakutajia Istanbul. Alitwaa ubingwa wa mwaka ule, na 2007 akaingia McLaren.

Colapinto naye Imola hakupewa zawadi. Alimpita Aron, mmoja wa madereva waliokuwa wakigombea nafasi za juu msimu ule, tena wakati ambapo kosa dogo lingewatoa wote wawili. Hiyo ndiyo picha ambayo timu huikumbuka.

Antonelli, dogo wa Italia ambaye sasa yuko Mercedes, ushindi wake wa kwanza F2 ulikuja pia kwenye mbio fupi, Silverstone, Julai 2024, barabara ikiwa imelowa. Mvua nayo ni mtihani ambao wasaka vipaji wanaupenda, kwa sababu inapunguza faida ya gari na kuacha mikono.

Nchi ndogo nazo zimo

Kuna wanaosema langalanga ni ya mataifa makubwa tu. Ukicheki matokeo ya miaka ya karibuni, siyo kweli kabisa.

Machi 2024, Bahrain, Zane Maloney alishinda mbio fupi na mbio kuu za ufunguzi wa msimu wa F2. Anatoka Barbados. Kisiwa kile kina watu wasiofika 300,000. Mkoa wa Ruvuma peke yake, kwa sensa ya 2022, una zaidi ya milioni 1.8.

Machi 2025, Melbourne, Australia, mbio fupi ilichukuliwa na Joshua Dürksen wa Paraguay, nchi ambayo haijawahi kuwa na dereva wa Formula 1. Kesho yake mvua ilinyesha vibaya mpaka mbio kuu ya F2 ikafutwa. Kwa hiyo ile mbio fupi, ambayo kawaida huonekana kama kitangulizi, ndiyo ikabaki kuwa habari nzima ya wikiendi.

Sasa ukitazama vizuri, kuna kitu kinachowaunganisha hawa. Barbados ina uwanja wa magari, Bushy Park, ambao uliboreshwa na mwaka 2014 ukapokea mashindano ya kimataifa ya Race of Champions. Argentina ina utamaduni wa mbio tangu enzi za Juan Manuel Fangio, bingwa wa dunia mara tano. Watoto wanakuta gari, wanakuta uwanja, wanakuta wazee wanaojua kufundisha.

Halafu kuna kuondoka. Colapinto aliondoka kwao akiwa na miaka 14 kwenda kuishi Italia kwa ajili ya mbio. Karibu kila mtoto anayetoka nje ya Ulaya lazima ahame, kwa sababu ngazi yenyewe iko Ulaya.

Na kuna hela. Colapinto alipoingia Williams, kampuni za Argentina kama Mercado Libre na Globant zilionekana kwenye gari. Kipaji kilitangulia, lakini biashara ya nchi yake haikuchelewa kumfuata.

Bei ya ngazi

Tuongee ukweli. Msimu mmoja wa F2 hutajwa kugharimu zaidi ya euro milioni 2. Kwa fedha zetu ni zaidi ya Sh5 bilioni. F3 inatajwa kuwa zaidi ya euro milioni 1. Na hapo hujahesabu miaka ya gokati na F4 iliyotangulia.

Kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, hesabu hii inakaa hivi. Tuseme kilo moja inauzwa Sh10,000, bei ambayo mkulima yeyote angeifurahia. Kupata Sh5 bilioni anahitaji kilo 500,000, yaani tani 500. Ni magunia zaidi ya 8,000 ya kilo 60. Hiyo ni kwa msimu mmoja, dereva mmoja, na hakuna uhakika wa kushinda.

Kibaya zaidi, hata kushinda si tiketi. Leonardo Fornaroli wa Italia alikuwa bingwa wa F3 mwaka 2024 bila kushinda mbio hata moja. Alikusanya pointi tu, wikiendi baada ya wikiendi. Mwaka 2025 akawa bingwa wa F2. Mabingwa wawili mfululizo, mtu yuleyule. Lakini orodha ya madereva wa Formula 1 wa 2026 ilipokamilika, jina lake halikuwemo. Timu zimeongezeka kuwa 11, viti vimekuwa 22, na bado bingwa hakupata.

Colapinto mwenyewe anajua. Baada ya mbio tisa na Williams mwaka 2024, kiti kilichukuliwa na Carlos Sainz. Akasubiri benchi Alpine mpaka Mei 2025, ndipo akapewa gari tena. Mbio yake ya kwanza baada ya kurudi? Imola, palepale alipompita Aron mwaka mmoja nyuma.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza kama amtie mtoto kwenye mchezo huu anastahili jibu la wazi: ni mchezo ambao wengi hulipa na wachache sana hufika.

Sisi ni watu wa rally

Isidhaniwe kwamba Afrika Mashariki haijui magari. Inayajua sana.

Safari Rally ilianza 1953, wakati huo ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 ilishindwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Baada ya kuwa nje ya ubingwa wa dunia tangu 2002, Safari ilirudi mwaka 2021 huko Naivasha. Na Kenya ikafanya jambo la akili: haikuishia kuandaa mashindano. Vijana wake watatu, McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome, walipewa magari ya Ford Fiesta na nafasi ya kujifunza. Mwaka 2022 Kimathi akaenda kuendesha kwenye theluji ya Sweden katika ubingwa wa dunia wa vijana.

Wapo watakaosema Kimathi ni mtoto wa Phineas Kimathi, aliyekuwa bosi wa shirikisho la mbio za magari Kenya. Ni kweli. Lakini hilo lenyewe ndilo somo. Duniani kote mchezo huu hupita kwenye familia zilizoko ndani tayari. Max Verstappen ni mtoto wa Jos Verstappen. Asiye na baba wa namna hiyo anahitaji taasisi imshike mkono. Hamilton, ambaye baba yake alikuwa akifanya kazi zaidi ya moja ili amlipie gokati, alichukuliwa na McLaren mwaka 1998 akiwa na miaka 13. Bila mkono ule, hadithi ingekuwa nyingine.

Tofauti kati ya rally na langalanga ni kwamba rally ilitukuta na barabara zetu. Vumbi, matope, korongo na ng'ombe njiani ndivyo vilikuwa uwanja. Langalanga inataka uwanja maalumu, wenye daraja la FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Formula 1 inataka daraja la kwanza. Afrika Mashariki nzima haina uwanja wa namna hiyo. Mpaka leo hakuna dereva aliyewahi kushiriki Formula 1 kwa bendera ya Tanzania, Kenya au Uganda.

Bara zima lina bingwa mmoja tu wa dunia, Jody Scheckter wa Afrika Kusini, mwaka 1979. Na mbio ya mwisho ya Formula 1 kwenye ardhi ya Afrika ilikuwa Kyalami, 1993. Kijana aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye watoto.

Kigali iliweka mkono juu

Desemba 13, 2024, Rais Paul Kagame alitangaza mbele ya mkutano mkuu wa FIA kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1. Mkutano wenyewe ulikuwa Kigali, na hafla ya tuzo za FIA ilikuwa inafanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Uwanja ulipangwa kuwa karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, na usanifu wake ulihusisha kampuni ya dereva wa zamani, Alexander Wurz.

Wiki chache baadaye hali ikawa nzito. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Serikali ya Kongo, inayoishutumu Rwanda kuwaunga mkono waasi hao, tuhuma ambazo Kigali huzikana, ikaiandikia Formula 1 ikitaka isimamishe mazungumzo na Rwanda. Mchezo ukajikuta katikati ya vita.

Afrika Kusini nayo haijalala. Juni 2025 FIA iliidhinisha mpango wa kuiboresha Kyalami ifike daraja la kwanza. Lakini kalenda ya 2026, yenye mbio 24 ilipotangazwa, haikuwa na hata moja Afrika.

Kwa kijana anayeota usukani, hii ina maana gani? F2 na F3 husafiri na Formula 1. Panapokuja wakubwa, wadogo nao mara nyingi huja. Tangu F2 ya sasa ianze 2017, haijawahi kukimbia Afrika. Mtoto wa huku hajawahi kusimama kwenye uzio akaona gari lile likipita, akasikia mlio wake kifuani, akajua ni kitu halisi siyo picha ya kwenye simu.

Lakini kuna swali lingine ambalo halisemwi kwa sauti. Tukinunua onyesho bila kujenga ngazi, tutapata nini? Nchi kadhaa zimejenga viwanja vya gharama, zikaandaa Formula 1 kwa miaka michache, kisha mkataba ukaisha na majani yakaota. Korea Kusini iliandaa kuanzia 2010 hadi 2013 tu. India, 2011 hadi 2013.

Kigari kidogo kilichosahaulika

Wiki ileile ya Kigali kulikuwa na tukio dogo ambalo wengi waliliona kama kichekesho. Max Verstappen, aliyekuwa ameadhibiwa kwa kutoa neno chafu mbele ya waandishi huko Singapore, alitumikia adhabu yake kwa kufanya kazi na vijana wa Rwanda. Kazi yenyewe ilihusu kigari cha bei nafuu cha kukimbia kwenye vumbi, kilichoundwa hukohuko Rwanda kwa michoro iliyotolewa na FIA.

Vichekesho viliishia mtandaoni. Lakini ukitafakari, kile kigari kina maana zaidi kwa Mbinga kuliko uwanja wa Bugesera. Ni bomba za chuma, injini ndogo, fundi wa kuchomelea, na kiwanja cha udongo. Vitu hivyo vyote vipo Ruvuma. Mafundi wa kuchomelea wapo Mbinga mjini, chuo cha ufundi cha VETA kipo Songea, na udongo hauhitaji kuagizwa.

Kigari cha vumbi hakimpeleki mtu F2 moja kwa moja. Lakini kinafundisha kona, breki, kupita bila kugonga, na nidhamu ya kuvaa kofia na mkanda. Pia kinafundisha kitu ambacho bodaboda wa miteremko ya Umatengo wanakijua kwa mwili ila hawakifundishwi: mbio zina mahali pake, na mahali pake siyo barabara ya watu wote. Kijana anayetaka kujaribu kasi yake kwenye kona za Mbinga na Mbamba Bay, mbele ya malori ya makaa ya mawe na watoto wa shule, hajaribu kipaji. Anajaribu bahati, yake na ya wengine.

Mlango wa pembeni: game

Kuna njia nyingine ambayo madogo wa simu wanaijua zaidi: game.

Jann Mardenborough wa Uingereza alianza kwenye game ya Gran Turismo. Mwaka 2011 alishinda shindano la GT Academy lililokuwa likiwatoa wachezaji sebuleni na kuwatia kwenye gari la kweli. Miaka mitatu baadaye, 2014, alishinda mbio fupi ya GP3 huko Hockenheim, Ujerumani. GP3 ndiyo ngazi ambayo sasa inaitwa F3. Stori yake ilitengenezewa filamu mwaka 2023.

Ni njia rahisi kuliko gokati? Ndiyo. Ni rahisi kwa kila mtu? Hapana. Inataka mashine ya game, usukani wa kuchezea, umeme usiokatika katikati ya kona, na intaneti isiyokwama. Game ya kwenye simu inaburudisha, ila haimfundishi mguu kubonyeza breki. Na shindano lililomtoa Mardenborough lilikuwa na kampuni kubwa ya magari nyuma yake. Bila mtu wa kuvusha, mshindi wa game hubaki mshindi wa game.

Siyo lazima ushike usukani

Jambo la mwisho ambalo hupotea kwenye mjadala huu: nyuma ya kila dereva kuna kundi la watu. Kuna mhandisi anayesoma takwimu za gari, fundi wa injini, mtu wa matairi, daktari, na wale waongozaji wa pembeni ya uwanja wanaopunga bendera.

Hamilton mwenyewe, alipounda tume ya kuchunguza uhaba wa watu weusi kwenye mchezo huu Uingereza, ripoti yake ya 2021 haikuishia kwa madereva. Ilienda kwenye shule, masomo ya hesabu na sayansi, na nani anapata kazi ya uhandisi. Dereva mmoja ni kiti kimoja. Timu moja ya Formula 1 ina mamia ya wafanyakazi.

Kwa binti wa Ukata anayependa fizikia, nafasi hiyo iko karibu zaidi kuliko kiti cha F2. Bado ni safari ndefu, lakini haihitaji magunia 8,000 ya kahawa.

Cha kufanya, kwa mpangilio

Kama Tanzania inataka siku moja bendera yake iwe kwenye gridi ya Jumamosi, hatua hazianzii juu.

Kwanza, viwanja vidogo vya vumbi na gokati mikoani, vyenye usalama na daktari wa zamu. Pili, mashindano ya vijana ya kila mwaka yenye kalenda inayotabirika, siyo bonanza la mara moja. Tatu, ushirikiano na Kenya, Uganda na Rwanda, kwa sababu nchi moja pekee haina madereva wala hela za kutosha kujaza gridi. Nne, mfuko wa kumshika mkono yule mmoja anayeonekana kweli, kabla hajafika miaka 14, kwa sababu baada ya hapo Ulaya imeshamwacha.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji Formula 1 ije kesho. Na Formula 1 ikija siku moja, iwe Kyalami au Kigali, itakuta watu wa kuipokea na siyo watazamaji tu.

Wakati huo ukisubiriwa, F2 ikirudi Ulaya, mbio fupi huwa mchana wa Jumamosi, mara nyingi mnamo saa tisa alasiri kwa saa za huku. Bando la dakika 45 linatosha. Usimwangalie anayeongoza. Mwangalie aliyeanza wa 10, uone anavyopanda kona baada ya kona. Ndiyo hadithi yenyewe: kufika mbele ukiwa umeanzia nyuma. Tofauti ni kwamba yeye, angalau, ameshaingia kwenye gridi.